Kwa Wafula, kuhusu vile vitabu vya hisabati

Jinja, Jumapili jioni

Ndugu yangu Wafula,

Salaam nyingi. Mama watoto hajambo? Habari za mvua za huko Mbale tumezipata, naomba tu njia ya kwa Hajati isiwe imekatika tena. Kimya kimekuwa kirefu, tutakizungumza tukionana. Nimeshika kalamu kwa ajili ya ujumbe wako wa juzi: kwamba kamati inakaa Ijumaa kuchagua vitabu vipya vya hisabati, na wengi wameshaipenda ile seti ya picha za rangi kwa kuwa inasema mtoto atagundua mwenyewe. Wafula, nakuomba, msiamue Ijumaa.

Ufundishaji wa namna hiyo naupenda. Mtoto ajue kwa nini, asiishie kukariri "geuza uzidishe" anapogawanya sehemu kama 1/2 na 1/3. Na hao watoto wa P4 (darasa la nne) wakifika S1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) watakutana na mtaala ulioanza 2020, ambao unawataka waeleze na watumie walichojifunza. Kwa hiyo nia yenu ni njema kabisa. Shida ni kwamba kitabu kinaweza kujiita cha ugunduzi na ndani kikawa kilekile cha zamani. Tafuta kisanduku chochote cha "gundua", kisha teremsha macho mistari miwili. Ukikuta kanuni imeshachapwa hapo chini, mtoto atagundua nini tena? Atainakili tu.

Anza na mwongozo wa mwalimu kabla ya kitabu cha mwanafunzi. Fungua penye kujumlisha sehemu, 1/2 + 1/3. Wengi watakuandikia 2/5, wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Je, mwongozo umelitaja jibu hilo? Unamwambia mwalimu aulize nini akiliona kwenye daftari? Kama umeandika tu "waongoze wanafunzi wagundue", umemwacha mwalimu peke yake na watoto 70.

Mwongozo mzuri ungefanya hivi. Kata karatasi ya A4 upate vipande vya sentimita 24 kwa 3, karatasi moja inatoa saba. Ni 24 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila kubakisha. Nusu ni sentimita 12, theluthi ni 8, ukiziunganisha ni 20, yaani 5/6 ya kipande. Sasa mwambie yule wa 2/5 apime jibu lake kwenye kipande kizima. Halifiki hata sentimita 10! Amechukua nusu, akaiongezea kitu, akapata kilicho chini ya nusu. Mwenyewe atainua kichwa. Hapo ndipo "kugundua" kunapokuwa na maana, na hakukugharimu kitu: jozi 35, kila jozi vipande vitano, ni karatasi 25. Mtu asiwaambie lazima mnunue masanduku ya plastiki.

Tazama pia picha za chapati. Kwa nusu na robo zinafaa sana, lakini mwalimu ajaribu kuchora moja ya tano ya duara ubaoni kwa mkono aone. Tena mtoto anayeona chapati tu mwaka mzima huamini sehemu ni kipande cha kitu, si namba. Mpe 5/4 utaona anavyokwama: chapati moja itatoaje robo tano? Fuata mada hii moja kutoka P3 hadi P6, uangalie ni wapi sehemu zinapanda kwenye mstari wa namba, 3/4 ikakaa kati ya 0 na 1, na 5/4 ikaipita 1. Zisipopanda, hiyo seti ina shimo.

Mazoezi nayo. Kuna wanaodhani mtoto akishaelewa, basi. Hapana, husahau. Hesabu mazoezi yaliyopo baada ya somo, kisha tafuta kama mada inarudi baada ya wiki mbili, baada ya mwezi.

Halafu lugha, ambayo ndiyo inayoninyima raha. Shule yenu P1 hadi P3 wanafundishwa kwa Lumasaaba, lugha ya huko kwenu, P4 wanaingia Kiingereza. Na mwaka huohuo kitabu kinawaambia "eleza ulivyofikiri"! Mtoto anajua, ila maneno hana. Mwalimu ataandika kwamba hakuelewa hisabati, kumbe ni Kiingereza. Mwongozo uruhusu jozi kujadiliana kwa Lumasaaba au Kiswahili, halafu utoe sentensi fupi za Kiingereza za kujaziwa. Yasome yale maswali ya maneno kwa sauti: mengine yana mistari minne kabla ya namba ya kwanza kutokea.

Kama mna muda, jaribuni seti hiyo wiki tatu kwenye madarasa mawili ya P4, si P7, hao waacheni na PLE yao, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Msimpe Opio, yeye atafundisha vizuri hata kwa kitabu kibovu. Mpeni mwalimu wa kawaida. Maswali manane, yaleyale kwa madarasa yote mawili: mwanzoni, mwishoni, na tena baada ya wiki sita. Manne ya kukokotoa, kama 52 − 27 (watakaoandika 35 wametoa ndogo kwenye kubwa kila safu). Manne ya kuelewa, kama 8 + 4 = □ + 5; atakayejaza 12 anadhani alama ya sawasawa maana yake ni "andika jibu". Kukokotoa kukishuka na kuelewa kukapanda, mazoezi ni machache. Vyote vikipanda kisha vikaanguka wiki ya sita, kitabu hakirudii mada.

Na kaa nyuma ya darasa na saa mkononi. Katika dakika 40, mjadala wa pamoja unataka si chini ya 15. Kengele ikilia watoto bado wanakata karatasi, wamefanya kazi ya mikono tu, hisabati imebaki kwenye mwongozo.

Niambie basi: hiyo seti ina mwongozo wa mwalimu kamili, au ni kurasa chache za mfano? P4 zenu zina watoto wangapi sasa? Mwalimu mkuu atakubali kuahirisha hadi muhula ujao? Na Akello, amerudi kufundisha au bado yuko kwao Lira? Unaweza kunipigia picha ya kurasa za sehemu, P4 na P5, kabla ya Alhamisi?

Nisalimie Hajati.

Wako,
Musa