Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati: majivu mtayaweka wapi?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi mkulima wa mpunga huku Ipinda, Kyela, naandika kwa simu kwaiyo makosa utanivumilia.

Umeme tunautaka, tusidanganyane. Ila kila ikija habari ya mtambo wa makaa ya mawe, iwe huku Kiwira au ule wa Mchuchuma kule Ludewa unaotajwa wa megawati 600, stori ni ajira na megawati tu, majivu hakuna anayeyagusa. Hivi yataenda wapi?

Maana jivu la jikoni tunamwaga kwenye mgomba, yameisha. Hili la mtambo lina sumu kama aseniki, madini ya risasi, zebaki, na ni jingi, chukulia makaa yenye majivu asilimia 20, ukichoma tani 100 umebaki na tani 20 na kesho unachoma tena, afu ukiliacha kavu upepo unalipeleka kwenye vifua vya watu, ukilimwagia maji unahitaji bwawa. Bwawa la jivu, Kyela! Kwetu masika mto unaingia mpaka sebuleni mheshimiwa. Wamarekani wenyewe, na hela zao zote, pale Kingston, Tennessee, Desemba 2008 ukingo wa bwawa kama hilo ulibomoka, tope la jivu zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likaingia mtoni na kwenye nyumba za watu.

Na huku maji hayana pa kwenda pengine. Kiwira, Songwe, Mbaka, Lufilyo, yote yanashukia Ziwa Nyasa, ndo tunakunywa, ndo samaki wetu usipa na mbasa, na mpunga wa Kyela mnaousifia huko mjini unasimama kwenye maji hayohayo (hapo sijataja maji ya rangi ya kutu yanayotokaga migodini salfa ya kwenye mawe ikishakutana na hewa).

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema tushirikishwe. Sasa kushirikishwa sio kusaini karatasi ya mahudhurio na kupewa soda. Kabla hamjasaini chochote tuleteeni ramani, kwa Kiswahili, bwawa litakaa wapi, mita ngapi toka mtoni, chini linatandikwa nini, na mtambo ukishafungwa nani atalilinda.

Ila mkutano msiuweke mwezi wa nne, barabara ya kwetu inakuwaga imejaa maji.