Boneti ya mzee wa MG

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Ndugu yangu Salumu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Shemeji hajambo? Watoto je? Mama aliniambia kwa simu kwamba ulipita kumjulia hali alipokuwa anaumwa, tena hukwenda mikono mitupu. Ahsante sana, kaka. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri.

Barua itakuwa ndefu. Nina shida ya kifundi, na inakuhusu wewe fundi bodi, siyo mimi wa injini. Ila ukiisikia bila kujua ilikotoka utanicheka bure, kwa hiyo vumilia kidogo.

Unakumbuka pale gereji yetu ya Gerezani, Dar, tulivyojiona tunakijua Kiingereza cha magari? Boneti, buti, sailensa, spana, indiketa, petroli, tulikuwa navyo vyote. Nikaja huku kifua mbele. Wiki ya kwanza tu bosi ananiambia gari la mteja limeishiwa gesi. Mimi huyo, mbio kuchukua geji za kujazia gesi ya AC. Nilipoanza kuzifunga kwenye mipira, gereji nzima ikasimama kuniangalia. Kumbe gesi yao ni petroli! Mpaka leo kuna kijana akiniona nimeshika zile geji ananiuliza leo najaza lita ngapi.

Basi nikaanza shule upya. Spana ni renchi, na sailensa ni mafla. Boneti wanaiita hudi. Dinamo wanaiita jenereta, na mimi jenereta ninayoijua ni ile inayonguruma nje ya duka umeme ukikatika. Digadi ni fenda (nimeshindwa kuwaeleza kwamba kwetu likiwa moja ni digadi, yakiwa mawili ni madigadi). Spana malaya sikujaribu hata kuitafsiri. Buti wanaiita tranki, na hiyo niliishika siku hiyohiyo, maana ni tranka letu lilelile la bati tulilobeba kwenda bweni. Magari ya zamani yalifungiwa tranka la kweli kwa nyuma, la mizigo, na jina likabaki hata lilipogeuka kuwa sehemu ya bodi. Waingereza wao waliendelea na neno la magari ya farasi, ambako sanduku la mizigo lilikuwa linaitwa buti. Kiplefti ndiyo nimegoma kuiacha. Huku wanaendesha kulia, ukishika kushoto unakutana na lori uso kwa uso, lakini mimi bado naiita kiplefti.

Sasa mwezi uliopita akaingia mzee mmoja na MGB ya mwaka 1965. Hizi zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya laki tano, na nyingi zikavuka bahari kuja huku. Gari dogo, viti viwili, injini ya cc 1798, juu linafunikwa kwa turubai. MG maana yake ni gereji za Morris, za kule Oxford. Morris huyohuyo wa ile Morris Minor ya kijivu ya bosi wetu wa Gerezani, Mungu amrehemu.

Mzee akaniletea na kitabu cha ufundi cha gari lenyewe. Nikafungua. Salumu, ilikuwa kama nimeshuka kwenye basi Kariakoo. Boneti, buti, sailensa, dinamo, ethi, yote yameandikwa humo! Vijana wa hapa wanakuja kuniuliza mimi maana yake, mimi niliyechekwa kwa gesi. Nati zake ndizo hazikuwasumbua, kwa sababu mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada walikaa chini wakakubaliana wawe na uzi mmoja wa nati na bolti. Maneno hawakuyagusa.

Jambo moja lilinitoa jasho. Betri zake ni mbili, za volti sita sita, zimefichwa nyuma ya viti, na ethi yake ni chanya. Yaani waya wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi, na hasi ndio unaokuja na moto. Kijana wetu, yule wa lita ngapi, alikuwa amezifunga kama alivyozoea, hasi kwenye bodi, kabakiza kukaza nati moja. Nikamdaka mkono. Kuna redio mle ya mzee, ingetoa moshi pale pale.

Kabureta ziko mbili, aina ya SU, jamii ileile ya Morris ya bosi. Nikafanya alivyotufundisha: nikanyanyua pistoni kwa kidole, nikaiachia, nikasikia ko! Upande wa pili kimya. Ilikuwa imekwama kwa uchafu. Nikafungua, nikasafisha, nikaongeza oili kule juu, nikajaribu tena. Ko! Halafu nikachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nikahama kutoka hii kwenda hii mpaka zote mbili zikavuta pumzi kwa sauti moja. Mzee alikuwa kasimama nyuma yangu muda wote, haongei.

Sasa ndiyo aibu. Boneti yake imebonyea katikati, dimbwi kama la sahani ya pilau; kuna mtu aliikalia kwenye sherehe. Mzee akasema niagize hudi mpya. Nikampata muuzaji Uingereza, na kwa kuwa nilikwisha kuwa Mmarekani mdomoni, nikaandika hudi. Boksi likaja. Nikalibeba kwa mkono mmoja, nikasema alumini kweli ni nyepesi. Nafungua, nakuta turubai jeusi limekunjwa vizuri, na vidirisha vyake vya plastiki! Kwa Mwingereza hudi ni lile turubai la kufunika juu. Muuzaji hana kosa, kaleta nilichoandika. Na neno sahihi nilikuwa nalo toka Gerezani, nimelitupa mwenyewe.

Bahati yangu turubai la mzee lilikuwa limechanika, akacheka, akalilipia, nikalifunga. Lakini boneti bado iko vilevile, na safari hii kasema tusiagize tena, tuinyooshe hiyohiyo.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Ni alumini tupu, kama bodi la Landrova, na hapa mafundi bodi wote wamezoea chuma. Wanataka kuigonga kwa nguvu, mimi naogopa itatanuka ianze kubonyea na kurudi kama kopo. Nakumbuka bosi alipokuwa ananyoosha milango ya zile Landrova alisugua kwanza sabuni ya mche, halafu anapitisha moto taratibu kwa upande wa nyuma huku anaangalia sabuni inavyobadilika rangi. Mimi nilikuwa chini ya gari, sikuona vizuri. Alitoa moto ikiwa ya kahawia, au alingoja iwe nyeusi? Na akianza kugonga, alishika nyundo ya mbao au ile ya mpira? Alianzia katikati ya dimbwi au pembeni?

Nijibu kabla ya Jumamosi, mzee anarudi siku hiyo. Ukiona uvivu kuandika, nitumie sauti kwenye WhatsApp, hata ukiwa unagonga bati nitasikia.

Nduguyo,
Juma