Mmemtaja binti, mmemsahau mama

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita juu ya mwanzo wa sinema za Kihindi nimeisoma mara mbili nikitafuta jina moja, sikuliona. Mmemtaja Dadasaheb Phalke, mwanzilishi wa sinema za India, na picha yake ya 1913, Raja Harishchandra. Mmemtaja Ardeshir Irani na Alam Ara, picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, iliyofunguliwa Bombay tarehe 14 Machi 1931. Mkamsifu na Zubeida aliyecheza humo. Mama yake Zubeida je?

Huyo ni Fatma Begum, mwanamke wa kwanza kuongoza filamu India. Alitokea kwenye michezo ya jukwaani ya Kiurdu, na mwaka 1922 Irani huyo huyo akampa nafasi katika picha ya Veer Abhimanyu. Siku hizo ilikuwa aibu mwanamke kuonekana kwenye sinema. Katika ile picha ya Phalke malkia alichezwa na mwanamume, mpishi wa mkahawani aliyevishwa sari. Fatma aliingia, akawaingiza na mabinti zake watatu, Sultana, Zubeida na Shehzadi. Mwaka 1926 akafungua kampuni yake mwenyewe, Fatma Films, akaongoza Bulbul-e-Paristan, kisa cha nchi ya mapari kilichojaa hila za kamera. Miaka mitano kabla ya Alam Ara! Ndiyo maana nasema Zubeida hakuzuka tu. Alilelewa kazini na mama aliyekuwa akicheza, akiongoza na kutafuta fedha za kampuni.

Marehemu bibi yangu alikuwa hakosi onyesho la wanawake la Jumapili hapa mjini. Hela ya tiketi aliifunga kwenye pindo la kanga, kifundo kigumu, nami ndiye niliyekuwa nikikifungua kwa meno pale mlangoni. Kihindi hakukijua, lakini tukirudi alikuwa akiwasimulia majirani picha nzima barazani, na kulia akilia upya. Waigizaji aliwajua wote. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwanamke kama yeye, Mwislamu, mwenye mabinti wa kulea, aliwahi kusimama nyuma ya kamera akaamuru. Angefurahi mno, namjua.

Liko na jingine. Inasemwa kwamba Fatma aliolewa na Nawabu, yaani mtawala Mwislamu, wa Sachin, karibu na Surat. Manawabu wa Sachin walikuwa Masidi, watu wenye asili ya Afrika waliotawala huko Bara Hindi. Lakini hati ya ndoa haikuonekana, wala nawabu hakuwatambua mabinti kuwa wanawe, kwa hiyo sitaki kumfanya wa kwetu kwa nguvu. Ukoo wa mtu haubuniwi. Mabinti walisonga mbele kwa jina la mama: Zubeida aliolewa na bwana wa Hyderabad mwenye cheo cha maharaja, na Sultana alihamia Pakistani, ambako bintiye, Jamila Razzaq, naye akawa mwigizaji.

Bulbul-e-Paristan haipo tena, hata kipande. Alam Ara nayo imepotea, lakini jina lake linaandikwa kila mwaka. La Fatma, kama gazeti halikuliandika, msomaji atalionea wapi?

Naomba makala ile mwirudie, na safari hii mwanze na mama ndipo mje kwa binti.

Bi. S. M.,
Mshonaji, Mkunazini, Unguja