Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maandalizi ya Taaluma ya Udaktari wa Meno

Ndugu wanachama,

Kama katiba ya chama chetu inavyoagiza, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitajikita katika kazi iliyotufanya tuunde chama hiki, yaani kuwaandaa vijana wanaotaka kuwa madaktari wa meno na kuwashika mkono walio masomoni na wale walioanza kazi.

Swali lililoifikia kamati ya elimu mara nyingi kuliko yote ni lile la alama: mwombaji afaulu kwa kiwango gani katika baiolojia na kemia ndipo apate nafasi chuoni? Ni swali la haki, kwa kuwa nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Kamati iliwaeleza kwamba njia hutofautiana: katika nchi nyingi mwanafunzi huingia chuo cha udaktari wa meno akitokea sekondari na kusoma miaka 5 au zaidi, ilhali Marekani wengi hutangulia kupata shahada nyingine, kisha husoma miaka 4 ya fani yenyewe. Tuliwasihi pia wasome mapema masharti ya baraza linalotoa leseni katika nchi wanakokusudia kufanya kazi, maana shahada inayotosha katika nchi moja huenda ikadai mitihani mipya katika nchi nyingine, na ni afadhali mtu alijue hilo kabla ya kulipa ada.

Hata hivyo, naona kwamba chama kimeshughulikia mno alama na kuisahau mikono. Mwanafunzi wa meno hutibu wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe kabla hajahitimu, ingawa chini ya usimamizi, na nafasi anayofanyia kazi ni finyu sana. Enameli ya gego, yaani ganda gumu la nje la jino, hata pale ilipo nene zaidi, haizidi sana milimita 2.5, chini yake ipo dentini, yaani tabaka la jino lililo laini kuliko enameli, na ndani ya dentini ndimo mlimo na mishipa ya fahamu na ya damu. Mashine ya kuchimbia jino huweza kuzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na anayeishika, akiwa kwenye magego ya juu, mara nyingi halioni jino lenyewe bali taswira yake katika kioo kidogo. Ndiyo maana vyuo humfanyisha mwanafunzi mazoezi marefu kwenye kichwa cha bandia kabla ya kumkabidhi mgonjwa.

Kwa sababu hiyo tuliendesha warsha za kuchonga meno kwa nta na kuchora huku mshiriki akitazama kioo tu. Waliokuwa na alama za juu hawakuwa lazima ndio wenye mkono mtulivu, na waliovunjika moyo siku ya kwanza walionekana kuboreka kadiri walivyorudia. Mkono hufundishika, ila hautaki haraka. Katika warsha hizo hizo tulifundisha namna ya kuketi, jambo ambalo vijana hulipuuza. Maumivu ya mgongo na shingo ni malalamiko ya kawaida sana miongoni mwa madaktari wa meno, na mazoea ya kuinama huanzia chuoni.

Mpango wa kuwaketisha waombaji kliniki ili watazame kazi ndio uliozaa matunda zaidi. Walikwenda wakitarajia kuona ganzi, kung'oa na kuziba. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya siku ni kuzungumza na watu wenye hofu, kueleza tiba kabla ya kuomba ridhaa, kuandika kumbukumbu na kutakasa vyombo. Baadhi yao walirudi wakasema kazi hii haiwafai. Wapo wajumbe waliohesabu jambo hilo kuwa hasara kwa chama. Mimi nalihesabu kuwa faida, kwa chama na kwao wenyewe.

Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, tarehe 20 Machi, wanachama walizungumza na wazazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba magonjwa ya kinywa huwapata watu wapatao bilioni 3.5, na mengi yanazuilika. Daktari asiyejua kueleza kinga amejifunza nusu ya kazi yake. Mfano uliowagusa wazazi ni gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hudhani nalo litang'oka, hivyo huliacha lioze. Wanafunzi wetu walijifunza kulieleza jambo hilo kwa sentensi mbili zinazoeleweka, na nakiri kwamba si wahitimu wote wanaoweza.

Kuhusu wahitimu wapya, ushauri wetu haujabadilika: vifaa vya kliniki ni ghali, kwa hiyo mtu aajiriwe kwanza chini ya mwenye uzoefu kabla ya kufungua kliniki yake, na asikimbilie ubingwa, uwe wa upangaji wa meno au wa upasuaji wa kinywa na taya, kabla hajajua anapenda nini.

Kamati ya utendaji inaleta mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu ya fedha za masomo ya ziada ya mitihani ihamishiwe kwenye warsha za vitendo. La pili ni kwamba mwombaji asipewe barua ya chama ya kumtambulisha chuoni kabla ya kuketi kliniki na kuandika alichokiona. Nafahamu kwamba pendekezo hili la pili litawawia vigumu wanaoishi mbali na kliniki, na kamati iko tayari kupokea marekebisho juu yake. Naomba mkutano uyajadili mapendekezo hayo moja baada ya jingine na kuyapigia kura kabla ya uchaguzi wa viongozi.

Mwenyekiti