Salamu za Uhuru: Yule Mama Hajashusha Mikono

Ndugu, jamaa na marafiki wa Bombo, wa Kampala, nanyi mliotawanyika hadi Arua na Nairobi, asalaam aleikum. Kwa niaba ya familia yetu nawatakia heri na fanaka za Sikukuu ya Uhuru. Mola aibariki Uganda, azibariki na nyumba zenu.

Hii ni 9 Oktoba yetu ya kwanza bila Mama. Mliokuja kwenye arobaini, Mungu awalipe. Mwingereza aliposhusha bendera yake pale Kololo mwaka 1962, Mama alikuwa msichana mdogo, na hotuba hakuzijua. Alichokumbuka ni doluka, ngoma yetu Wanubi, iliyochezwa Bombo hadi alfajiri.

Juzi nilifungua sanduku lake la nguo nikakuta picha. Amevaa gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, amesimama mbele ya Sanamu ya Uhuru mjini Kampala, kaniinua juu kama yule mama wa sanamu anavyomwinua mwanawe. Mpiga picha ndiye aliyemwambia ainue, kisha akahangaika na kamera yake weee! Mama alikuwa akiisimulia kila mwaka siku kama ya leo: "Mikono iliniuma nikakushusha. Yule mwenzangu hajashusha mpaka leo."

Tulikuwa tunacheka tu. Mwaka huu sicheki.

Sanamu ile ilichongwa na Gregory Maloba, Mkenya aliyekuwa mwalimu Makerere. (Watani wangu wa Busia, mnaosema Wakenya hawajatupatia kitu, haya.) Sote humtazama mtoto aliyenyoosha mikono mbinguni. Mama yake kazungushiwa mikanda mwilini, na nani anamtazama? Yumo hata kwenye noti zetu zote, tangu elfu moja hadi elfu hamsini. Tunamkunja, tunamtia mfukoni, tunampa kondakta wa taksi. Na siku hizi hana nguvu: unatoka dukani na sukari, sabuni na unga wa posho kidogo, noti imekwisha, na karo ya muhula wa tatu inakusubiri mlangoni.

Basi, ndugu zangu, naomba mnivumilie niseme. Wenye maduka, msifiche sukari mkingoja ipande. Mizani yenu nayo ina siku yake ya kupimwa. Vijana, uhuru si kupiga honi za boda boda usiku kucha huku mama amelala bila dawa. Wenye madaraka, nyinyi mliinuliwa na mikono ya watu, na mikono hiyo imechoka! Wanaume wenzangu, tusiwaachie wanawake karo kisha tukawa wa kwanza kwenye picha za mahafali. Mimi mwenyewe nimo. Mara ngapi Mama alipiga simu nikasema nitampigia baadaye?

Gwaride nitalisikiliza redioni. Mchana nitapanda taksi niende mjini na binti yangu, ana miezi saba, mzito kama gunia la mihogo. Nitamwinua pale pale, nione nitaweza kwa muda gani.

Heri ya Uhuru kwenu nyote. Wagonjwa Mungu awape shifaa, wasafiri awarudishe salama, marehemu wetu awalaze pema. Jioni chai ipo nyumbani. Sukari ni kijiko kimoja kimoja, mtuwie radhi.