Kikinga upepo cha gari lako

Entebbe

Swahiba wangu Baba Shamsa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Shamsa na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Barua yako imefika, na picha ya gari nimeitazama mpaka mke wangu akaninyang'anya naye aitazame. Hongera sana! BMW ya E46, kile kizazi cha zamani cha Series 3, yenye paa la kukunja, si kitu cha kuokota njiani siku hizi. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 ilipozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, gari kama hilo unalipata tu kwa mtu aliyeliingiza zamani. Litunze.

Sasa swali lako. Unasema Mama Shamsa analalamika shingo na masikio kila mkifungua paa na kukimbia kidogo, na kwamba umeonyeshwa vikinga upepo viwili vya kusimamisha nyuma ya viti vya mbele, kimoja cha wavu mweusi na kingine cha plastiki angavu, hujui uchukue kipi. Chukua cha wavu. Lakini nataka uielewe sababu, ili muuzaji asikuyumbishe.

Upepo unaomsumbua Mama Shamsa hautoki mbele. Kioo cha mbele kinaurusha juu ya vichwa vyenu, na pale mlipokaa, nyuma ya kioo, mgandamizo wa hewa unashuka. Hewa iliyowapita juu inateremka kwenye viti vya nyuma, kisha inarudi mbele kupitia kati ya viti vyenu, kama maji ya Nile hapo kwenu yanavyojizungusha nyuma ya jiwe. Ndiyo maana mtandio wake unarukia usoni badala ya kupepea nyuma. Ukitaka kuliona jambo hili, mfungie uzi wa sufu kwenye egemeo la kichwa, wewe endesha, yeye autazame. Mwendo ukipanda, uzi utaelekea kioo cha mbele. Ukishafunga kikinga, rudia jaribio hilo hilo barabara ile ile, mwendo ule ule. Uzi utakwambia ukweli kuliko tangazo lolote.

Kabla hujatoa hata shilingi, pandisha vioo vyote vinne. Hata vile vidogo vya nyuma, ambavyo watu wengi huviacha chini kwa sababu gari linapendeza zaidi vikiwa chini. Peke yake hatua hiyo inapunguza upepo wa pembeni sana, na kikinga hufanya kazi yake vizuri zaidi vioo vikiwa juu.

Plastiki angavu, nakiri, inavutia macho, na kwa kuzuia upepo inaweza kuushinda wavu. Tatizo ni vumbi letu. Ukitoka lami ukaingia murramu hata kwa nusu saa, plastiki inafunikwa, na mtu akiipangusa kwa kitambaa kikavu, chembe za mchanga zinaikwaruza. Inabidi uimwagie maji kwanza, uioshe kwa sabuni na kitambaa laini, kila mara. Baada ya muda mikwaruzo inazidi, na usiku taa za malori yaliyo nyuma zinatawanyika humo hadi kioo chako cha kutazamia nyuma kinakuwa ukungu mtupu. Tena zipo plastiki za aina mbili zinazofanana kwa macho: akriliki, ambayo ikipigwa hupasuka vipande, na polikaboneti, ambayo ni ngumu kuvunjika. Muuzaji asipoweza kukwambia yake ni ipi, usinunue.

Wavu hauusimamishi upepo wote. Unaupunguza nguvu na kuuvunjavunja, na mnachokipata ni hewa tulivu inayopita bila kupiga. Kwa hali yetu ya joto hilo ndilo ninalolipenda, maana gari lililozibwa kabisa adhuhuri, juu halina paa, linachosha. Chagua mweusi. Wavu wa kijivu au wa rangi nyeupe unang'aa juani na macho yanagota hapo hapo, ila mweusi jicho linaupenya. Matundu yasiwe makubwa kiasi cha kupitisha upepo wote, wala madogo mpaka uonekane pazia. Uinue juani dukani, utazame kwa umbali wa mkono: kama unaisoma namba ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, unatosha. Halafu ushike fremu kwa mikono miwili uipinde kidogo. Ikilegea mikononi mwako, barabarani itatetemeka na kulia.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza nami lazima niliseme. Gari lako lina viti vinne, na kikinga chake kinalala juu ya viti vya nyuma, sehemu yake moja ikisimama nyuma ya mabega yenu. Kikiwa mahali pake, nyuma hapaketi mtu. Mimi kwenye Mazda yangu ya viti viwili hilo halinihusu, kikinga ni kipande kidogo nyuma ya viti, basi. Wewe una Shamsa na mdogo wake. Kwa hiyo chukua kinachokunjwa katikati kikaingia kwenye mfuko wake, ukiweke kwenye buti siku za watoto, na ukifunge siku mnazosafiri wawili.

Na tafadhali, ndugu yangu, usimruhusu fundi akifunge kikinga kwa kamba au mikanda kwenye maegemeo ya vichwa ya viti vya nyuma. Nyuma ya maegemeo hayo kuna vyuma vilivyojificha, vinavyochomoka ghafla gari likianza kupinduka ili kulinda vichwa vyenu. Chochote kilichofungwa hapo kinaweza kuvizuia. Kikinga halisi cha E46 kina pini zinazoingia kwenye nafasi zilizotengwa pembeni, kushoto na kulia. Uliza hasa cha E46. Kuna kizazi kilichotangulia, E36, na kikinga chake hakikai kwako hata muuzaji akiapa.

Najua utafikiria Katwe, kule kwa mafundi wa kuchomelea Kampala, na mafundi wa Katwe nawaheshimu kweli. Wavu ukichanika watakushonea mwingine vizuri. Lakini fremu nzima ya kuchomelea, isiyokaa kwenye pini zake, siitaki iwe nyuma ya shingo ya Mama Shamsa siku ya kufunga breki kwa nguvu. Kikinga kilichotumika, cha gari hilo hasa, kinatosha. Tafuta Kisekka, soko la vipuri Kampala, kabla ya kuagiza nje. Kila upande uwe na pini yake na bawaba isiyochezacheza. Kaa kwenye kiti chako ukiwa umekirudisha nyuma unavyopenda, uone kama mgongo wa kiti unagusa fremu. Kisha funga paa polepole kikinga kikiwa ndani, mtu mwingine akitazama, mara moja kabla ya mvua kukulazimisha.

Usitegemee muujiza kila mahali. Njia yenu ya kuja Kampala, nyuma ya malori ya miwa ya Lugazi, mwendo ni mdogo mno kwa kikinga kuonyesha tofauti kubwa, na pale Namawojjolo wauza kuku watawaingizia mishikaki ndani ya gari kutoka pande zote, kikinga kiwepo kisiwepo. Kwenye daraja jipya la Nile upepo unakuja kwa ubavu, nao pia kikinga hakiuzuii. Faida utaiona barabara ya kulipia ya Entebbe, ambako mwendo unafika 100 kwa saa. Hapo ndipo Mama Shamsa ataweza kukuzungumzisha bila kupiga kelele.

Njooni basi, mkijaribie hapo. Epukeni tu jioni ambazo wadudu wadogo wa ziwa wameinuka kwa makundi, siku hizo paa lifungwe. Nipigie ukiwa dukani kabla ya kulipa, unitumie picha ya pini na ya bawaba. Mke wangu anamwambia Mama Shamsa kwamba samaki wa kukaanga yupo.

Ndugu yako,
Idi