Familia ya Kampen haikuhama

Mwanangu mpendwa,

Hiyo familia unayoifuatilia haikwenda popote. Sensa ya Norwei ya 1875 inaiweka Aker na ya 1900 inaiweka Kristiania, ilhali nyumba ni ileile ya mbao pale Kampen. Kilichosogea ni mpaka.

Aker ilikuwa halmashauri ya vijijini iliyouzunguka mji wa Kristiania, unaoitwa Oslo tangu 1925. Ilianza 1838, kufuatia sheria ya serikali za mitaa ya Januari 1837. Jina lenyewe maana yake ni shamba, na mashamba yalikuwepo kweli. Pembezoni mwa mji mambo yalikuwa mengine. Ndani ya mpaka, nyumba za mbao zilipigwa marufuku tangu 1624 kwa hofu ya moto. Matofali yalikuwa ghali, basi wanyonge wakajenga nje kidogo tu: Kampen, Vålerenga, Rodeløkka. Mji ukawafuata hukohuko. Mwaka 1859 ulimega Grünerløkka, 1878 ukachukua Kampen, Vålerenga na Frogner, na marufuku ya mbao ikaingia nao. Ndiyo maana nyumba ya mbao ya Kampen kwa kawaida ni ya kabla ya 1878.

Kwa hiyo anza na mwaka, angalia mpaka wa mwaka huo, ndipo ufungue daftari. Vitabu vya usharika vina mipaka yao: usharika wa Aker uligawanywa 1861 kuwa Vestre Aker na Østre Aker, halmashauri ikabaki moja.

Namba za ardhi ndizo zinazowapoteza wengi. Daftari la ardhi la 1838 linatumia matrikkelnummer (namba ya shamba katika daftari) na løpenummer (namba ya mfululizo). La 1886 likaleta gårdsnummer (namba ya shamba) na bruksnummer (namba ya sehemu ya shamba hilo). Namba 40 ya daftari la kwanza si namba 40 ya daftari la pili. Lichukue la 1886, maana linaonyesha namba ya zamani kando ya mpya.

Usidhani Aker ilikufa kwa ufukara. Ilikuwa na hospitali yake tangu 1895, na ilipounganishwa na Oslo tarehe 1 Januari 1948 ilikuwa na watu wapatao 131,000. Oslo ndiyo iliyobanwa: kilomita za mraba 17 hivi, na baada ya Vita Kuu ya Pili watu hawana pa kuishi. Lambertseter, kitongoji kipya cha miaka ya 1950, kilijengwa kwenye ardhi iliyokuwa ya Aker.

Nyaraka za halmashauri zinatunzwa na hifadhi ya nyaraka ya jiji la Oslo. Ukiziomba, taja Aker kommune, yaani halmashauri ya Aker. Ukisema Oslo watakuletea za mjini.

Mama yako